Alexander Mackay: Fundi wa mvuke katika baraza za Kabaka

Mwezi Juni mwaka 1878, Mskoti mmoja mwenye umri wa miaka 28 aliwasili Kagei, kwenye ufuko wa kusini wa ziwa Victoria, akaoneshwa shehena ya misheni iliyokuwa imemtangulia. Ilikuwa imerundikwa ovyo bila mpangilio: vipande vya boila pamoja na vitabu, fito za pistoni katikati ya karatasi za kuandikia, mabomba ya mvuke, herufi za risasi za kupigia chapa, misumari, misumeno, mbegu za bustani. Wenzake wawili waliokuwa na dhamana ya kazi hiyo, Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill, walikuwa wameuawa katika kisiwa cha Ukerewe Desemba iliyotangulia. Alexander Murdoch Mackay alivua koti akaanza kuchambua. Baada ya siku kumi za kazi, injini ya mashua ilikuwa imesimama kamili hadi skrubu ya mwisho, na boila ikisubiri tu kupigwa ribiti.

Jina la Mackay halijasahaulika Uganda. Wasomaji wetu wa Nateete hulikuta kwenye kibao cha chuo, na waumini wa Namirembe hulikuta makaburini. Mara nyingi, hata hivyo, husimuliwa kama mhubiri tu, kana kwamba nyundo na tupa vilikuwa mapambo ya pembeni. Makala hii inamtazama kwa upande wa pili, kama mtu wa mitambo, kwa sababu ni ufundi uliomfungulia milango ya ikulu, na ni ufundi huohuo uliomfanya mfalme mmoja akatae kumwachia aondoke.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 huko Rhynie, kijiji cha wilaya ya Aberdeen, Scotland. Baba yake, mchungaji wa Kanisa Huru la Scotland, alimfundisha nyumbani kwa miaka mingi na alitaraji kijana atamrithi mimbarini. Kijana akapenda mashine. Alisoma ualimu Edinburgh kuanzia mwaka 1867, kisha akaingia katika masomo ya uhandisi katika chuo kikuu cha mji huo, huku akifanya kazi za mikono katika karakana za bandari ya Leith.

Hapa inafaa kutua kidogo. Kiti cha uprofesa wa uhandisi Edinburgh wakati huo kilikaliwa na Fleeming Jenkin, mtaalamu wa nyaya za simu za chini ya bahari, ambaye alikuwa amebuni aina yake ya kidhibiti mwendo. Mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell alichapisha andiko maarufu kuhusu vifaa vya namna hiyo, na kifaa cha Jenkin kilikuwa miongoni mwa alivyovichambua. Neno kidhibiti mwendo si geni kwa abiria wa mabasi ya Afrika Mashariki, ila asili yake ni injini ya mvuke. Mipira miwili ya chuma huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikienda mbio, mipira hutanuka na kuinuka, na mkono ulioungwa nayo hubana vali inayopitisha mvuke. Injini ikilegea, mipira hushuka na vali hufunguka. Mashine hujitia adabu yenyewe.

Lakini yapo mambo mawili ambayo fundi sharti ayaweke sawa kabla ya kuwasha moto. Kwanza ni upande wa mwendo. Mkono ukiungwa kinyume, mipira itakapoinuka vali itafunguka badala ya kufunga, na mashine itakimbia hadi ivunjike. Pili ni kipimo: vali isogee kiasi gani kwa kila badiliko la mipira. Ikisogea mno, injini hupepesuka, mara mbio mara pole. Ikisogea kidogo mno, haidhibitiki.

Mambo hayo mawili hayajazeeka. Mfaransa Joseph Farcot aliyaingiza katika usukani wa meli unaosaidiwa na mvuke, na mwaka 1873 akatoa kitabu kilichokipa kifaa hicho jina ambalo hadi leo mafundi wanalitamka: sevo. Mwaka 1898, Nikola Tesla aliwaonesha watu wa New York mashua ndogo iliyotii amri kwa mawimbi ya redio bila waya wowote. Kijana anayerusha leo ndege ya mfano kwa rimoti bado anayarithi maswali ya Jenkin. Rimoti humpelekea sevo ya moto mipigo ya umeme ipatayo 50 kila sekunde. Mpigo wenye upana wa milisekunde 1 hupeleka mkono upande mmoja, wenye upana wa milisekunde 2 huupeleka upande wa pili, na wa 1.5 huuweka katikati. Baadhi ya watengenezaji hupanga mkondo wa moto kinyume cha wenzao. Kwa hiyo mrushaji mwangalifu kwanza huhakikisha, injini ikiwa imezimwa, kwamba kijiti kikivutwa chini kabureta inafunga, kisha hupunguza au huongeza upana wa mpigo ili mkono usigonge mwisho wa njia yake. Asiyefanya hivyo huweza kuwasha injini iliyokwisha kufunguliwa hadi mwisho, na rafadha haina huruma na vidole.

Mackay hakuishi kuiona mashua ya Tesla. Alikuwa wa kizazi kilichoshika vali kwa mkono.

Mwaka huohuo wa 1873 alikwenda Ujerumani, akaajiriwa Berlin kama mchoraji wa mitambo, na baadaye akapewa usimamizi wa idara ya magarimoshi katika kiwanda kimoja cha Moabit. Njia ya mbele ilikuwa nyeupe: mshahara, cheo, na mji uliokuwa ukichipuka viwanda. Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Henry Morton Stanley iliyosema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa tayari kupokea walimu wa Kikristo. Stanley alitaka mtu wa vitendo, anayejua kujenga, kulima na kufua chuma, si mhubiri wa maneno matupu. Shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, CMS, likatangaza nafasi, na Mackay akaandika kuomba.

Kabla ya kuondoka alijishughulisha na swali la kiufundi. Injini inaweza kufunguliwa vipande vipande, lakini boila ni chungu kimoja kikubwa cha chuma, na hakuna mpagazi awezaye kukitwika kutoka pwani hadi ziwani. Mackay akaagiza boila itengenezwe kwa pete, kila pete ikiwa na uzito wa kubebeka, ili ziunganishwe kwa ribiti huko zitakakofika. Aliondoka Southampton tarehe 27 Aprili 1876 na kufika Unguja mwishoni mwa Mei. Akiwa pwani aliijaribu mashua ya mvuke, Daisy, katika mito Wami na Kingani, ili kuona kama inafaa kuwa njia ya kuingilia bara. Haikufaa. Mito ilijipinda kama nyoka na kina chake kilikuwa kidogo. Mashua ikavunjwa vipande na kutwikwa vichwani.

Mackay mwenyewe alishikwa na homa njiani akarudishwa pwani. Mwaka uliofuata, 1877, badala ya kukaa akisubiri, aliongoza ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230 hivi, kwa mashoka na majembe. Ndipo akasonga bara, na ndipo akalikuta lile rundo la Kagei.

Kuhusu Daisy, wadudu na mawimbi hawakuwa wameionea haya. Alipovuka nayo ziwa akiwa na mwenzake, Mchungaji Wilson, dhoruba iliwatupa kwenye ufuko wa magharibi na kuipasua. Mackay akachukua uamuzi ambao fundi yeyote wa majahazi atauelewa: alikata futi nane kutoka katikati ya mashua, akazitumia mbao zake kuziba tezi na omo, kisha akaziunganisha nusu mbili hizo kuwa chombo kimoja kifupi. Kazi hiyo ilichukua majuma manane. Mashua iliyoagizwa iwe ya mvuke ikaingia Buganda kwa tanga na makasia. Tarehe 6 Novemba 1878 Mackay alifika mji mkuu, ambao wakati huo ulikuwa Rubaga, ng'ambo ya bonde kutoka Mengo.

Lugha iliyompokea ilikuwa Kiswahili. Jambo hili lastahili kusemwa kwa sauti, kwa kuwa wako wanaoamini kwamba Kiswahili kililetwa Uganda na wanajeshi. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamelifikia baraza la Kabaka Suna tangu miaka ya 1840, na wao ndio walioleta huko Uislamu, nguo na bunduki. Mutesa alikielewa Kiswahili, na wengi wa wakuu wake vilevile. Mackay, aliyejifunza lugha hiyo pwani, alikuwa na sehemu za Biblia zilizotafsiriwa Unguja na Askofu Edward Steere, na hizo ndizo alizomsomea Kabaka mbele ya baraza zima. Miezi ya mwanzo, kabla hajakimudu Kiganda, mafundisho yake yote yalipitia Kiswahili. Kuna kinaya hapa ambacho sidhani alikifurahia: njia ya maneno yake ilikuwa imesafishwa na Waislamu aliowaona kuwa wapinzani wake wakubwa.

Aliwapinga waziwazi, nao wakampinga. Februari 1879 wakafika pia wamisionari Wakatoliki Wafaransa, akiwamo Siméon Lourdel, na baraza la Kabaka likageuka uwanja wa mabishano. Mackay hakuwa mtu mpole katika mabishano. Wanaomwandika kama malaika humpunguzia utu wake. Alikuwa na ulimi mkali, aliona imani za wenyeji kuwa ujinga, na mara nyingi hakutambua kwamba mwenyeji wake, Mutesa, alikuwa akiwachezesha wageni wote kwa ustadi, akiegemea upande huu leo na ule kesho ili asimezwe na yeyote.

Kabaka alitaka bunduki na baruti kuliko vitabu. Mackay alijenga karakana Natete, akaweka tanuri la mhunzi, jiwe la kunolea na mashine ya kukereza. Watu walijazana kutazama jiwe likizunguka. Alichimba kisima na kukitia pampu, na umati ukashangaa kuona maji yakipanda juu. Kwa fundi lilikuwa jambo dogo la vali na hewa, ila kwa watazamaji lilithibitisha kwamba mgeni huyu alikuwa na elimu ambayo wafanyabiashara wa pembe hawakuileta. Vijana wa ikulu walianza kufika, wengine kwa ajili ya chuma, wengine kwa ajili ya herufi. Mackay aliwafundisha vyote viwili mahali pamoja, na herufi za kwanza za kupigia chapa alizichonga kwa mkono wake. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano walibatizwa.

Mwaka huohuo alifariki Namasole Muganzirwazza, mama wa Kabaka. Mutesa aliamuru azikwe kwa fahari isiyopata kuonekana, na kazi ikamwangukia Mackay. Ilitakiwa majeneza matatu, moja ndani ya jingine: la ndani la mbao, la kati la shaba, iliyopatikana kwa kufua vyombo vya ikulu, na la nje la mbao. La nje kabisa lilikuwa kubwa kama chumba. Alifanya kazi mchana na usiku kwa takriban mwezi mzima akiwa na mafundi wa Kabaka, na nguo za thamani kubwa zikajazwa kaburini. Heshima yake ikapanda. Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, kazi hiyo inaonesha mipaka ya uwezo wake kuliko ukubwa wake. Alikuja kuhubiri habari za uhai, naye akajulikana zaidi kwa jeneza.

Mutesa aliaga dunia Oktoba 1884. Akamrithi mwanawe Mwanga, kijana asiyezidi miaka ishirini au karibu na hapo, aliyeijenga ikulu yake Mengo. Mackay alizoea kusubiri kwenye malango ya mfalme mwenye hila. Sasa alisubiri kwenye malango ya mfalme mwenye hofu. Na hofu yenyewe haikuwa ya kipuuzi: Wajerumani walikuwa wakitia bendera pwani, na Waganda walikuwa na imani ya zamani kwamba atakayewashinda atatokea mashariki.

Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa Busega, karibu na Natete. Mackay alikuwa amekamatwa njiani pamoja nao, akaachiwa. Hakuweza kuwaokoa. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington, aliyekuwa akija kwa njia hiyohiyo ya mashariki iliyoogopwa, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Mackay na mwenzake Robert Ashe walikwenda ikulu kumwombea, na hawakusikilizwa. Juni 1886 yakaja mauaji makubwa ya Namugongo, ambapo Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja.

Msomaji atauliza kwa nini Mackay mwenyewe hakuguswa. Jibu ni karakana. Mwanga alihitaji mikono yake, na alipoomba ruhusa ya kuondoka alikataliwa kwa sababu hiyohiyo: fundi haachiliwi. Ufundi aliouleta ili awe huru kuhubiri ulikuwa umegeuka pingu yake. Mchana alifanya kazi za mfalme. Usiku, kwa mlango uliofungwa, alipiga chapa. Injili ya Mathayo kwa Kiganda ilitoka kwenye mtambo wake mdogo wa mkono kwa sehemu sehemu hadi mwaka 1887, ikasomwa na watu waliojua kwamba kukutwa nayo kungeweza kuwagharimu roho. Sioni kazi nyingine ya Mackay inayokaribia hiyo kwa uzito. Injini zake hazikubadili Buganda, karatasi zile zilibadili.

Hatimaye, Julai 1887, wapinzani wake barazani walishinda hoja, na Mwanga akakubali aondoke, kwa sharti kwamba mmisionari mwingine achukue nafasi yake. Mackay akavuka ziwa hadi Usambiro, upande wa kusini, katika Tanzania ya leo. Hakurudi Ulaya. Shirika lake lilimsihi apumzike, ndugu zake wakamsihi, na yeye akaendelea kufyatua matofali, kupasua mbao na kutafsiri Injili ya Yohana. Ni wakati huo pia alipozidi kuandika barua za kuitaka Uingereza na kampuni yake ya Afrika Mashariki ziingilie kati mambo ya Buganda. Sehemu hii ya maisha yake haipaswi kufunikwa: alishiriki kuita dola iliyokuja kutawala.

Stanley, ambaye barua yake ilimtoa Mackay Berlin, alipita Usambiro mwishoni mwa Agosti 1889 akitoka kumchukua Emin Pasha. Alikaa hapo majuma matatu hivi. Alikuta karakana kubwa imejaa mitambo na zana, mtumbwi mkubwa ukitengenezwa nje, magogo kwenye mashimo ya kupasulia mbao, na mafundi wakiiandaa boila ya mashua ya mvuke. Miaka kumi na mmoja baada ya Kagei, Mackay alikuwa bado anapiga ribiti. Stanley alimshauri waondoke pamoja kwenda pwani. Mackay alikataa: hakuwa na mtu wa kumwachia kazi.

Homa ya malaria ilimwua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40, na mashua ya mvuke haijakamilika. Wakati huo Mwanga, aliyepinduliwa mwaka 1888, alikuwa akirejeshwa Mengo kwa msaada wa Wakristo walewale aliowatesa, na kabla mwaka haujaisha Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi kwenye kilima cha Kampala akiwa na bunduki ya Maxim na mkataba wa kutiwa saini.

Mackay alizikwa Usambiro. Mwaka 1927 mabaki yake yalichukuliwa na kuletwa Namirembe, yakazikwa upya katika viwanja vya kanisa kuu, ambako kaburi la Hannington pia lipo, mwendo mfupi wa miguu kutoka Lubiri ya Mengo.